Babake Lorine

Mzee Wanyonyi alishuka Salaita siku ya Ijumaa saa kumi jioni, kutoka kwenye lori lililokuwa likienda kupakia ndizi Mboghoni. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kofia ya pama. Mkononi alishika mfuko wa sandarusi wenye blanketi, chupa ya chai na koti la mvua alilobaki nalo tangu siku zake za reli. Dereva wa lori, Nicholas, mwana wa jirani yake Opiyo, ndiye aliyemnunulia tiketi ya tamasha kwa simu. Alimwonyesha lango lilipo, akamwambia atapita kumchukua Jumapili asubuhi, na kabla hajaondoa gari akamuuliza tena kama Lorine ana habari kwamba anakuja.

"Ana habari," Mzee Wanyonyi alisema.

Lorine hakuwa na habari. Baba na binti hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa.

Mji mzima wa Voi ulimjua Lorine. Nyimbo zake zilipigwa saluni, zikapigwa kwenye harusi, na watoto wa shule walizijua kuliko nyimbo za Jumapili. Jina lake la usanii lilikuwa Lorine wa Perez, na Perez ni mamake. Kila Mzee Wanyonyi alipolisoma jina hilo kwenye mabango pale stendi, alilisoma mara mbili. Wa Perez. Kama vile mtoto alizaliwa na mwanamke peke yake.

Enzi zake alikuwa msimamizi wa genge la mafundi wa njia ya reli, kutoka Voi hadi Taveta, na kanisani alikuwa mzee wa baraza. Lorine alikuwa kitinda mimba wake, baada ya Titus na Reuben. Alimpeleka chuo cha ualimu, na mwaka wa pili msichana akaacha masomo akaenda kuimba kwenye hoteli moja kando ya barabara ya Mombasa. Jumamosi moja Mzee Wanyonyi alivaa suti, akawachukua wazee wenzake wawili wa kanisa, akaingia katika hoteli hiyo wimbo ukiwa katikati. Alisimama mbele ya jukwaa mpaka wapiga vyombo wakanyamaza. Akawatangazia walevi waliokuwepo kwamba huyo si mtoto wake, na mwenye kumtaka amchukue. Kisha alirudi nyumbani akalitoa sanduku la msichana nje, akaliweka kando ya ua, likanyeshewa usiku kucha. Perez alipolia, alimwambia mlango ni ule ule, akitaka kumfuata binti yake amfuate.

Perez hakumfuata. Alikuwa akienda kumwona Mombasa kwa siri, akisingizia kununua omena, dagaa aliokuwa akiuza, mpaka figo zilipomwangusha. Alifariki miaka mitatu iliyopita, wakamzika nyumbani kwao Webuye.

Baada ya hapo Mzee Wanyonyi aliishi peke yake katika chumba cha kupanga karibu na kota za reli. Titus alikuwa Eldoret, Reuben Nairobi, na wote wawili walipiga simu Krismasi. Nyimbo za Lorine zilipoanza kusikika kila mahali, watu kwenye kibanda cha chai walimuuliza kama yule si msichana wake. Miezi ya kwanza alisema hamjui. Siku moja, hata yeye hakujua kwa nini, alisema ni wake. Wakamsogezea kiti, mwenye kibanda akamwongezea chai bila kuombwa. Tangu siku hiyo akawa babake Lorine. Alipopita sokoni akina mama walimwita hivyo, naye alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Bango la tamasha la Salaita lilipobandikwa, siku mbili za muziki na watu kulala kwenye mahema, kila mtu alimuuliza kama amealikwa. Alisema amealikwa. Baada ya kusema hivyo ilibidi aende.

Lakini haikuwa kwa ajili ya watu wa kibanda peke yake. Njia nzima, lori likiruka mashimo ya Bura na Maktau, alikuwa akipanga maneno ya kumwambia binti yake, na yalikuwa machache. Alitaka kumwambia kwamba amemsamehe.

Uwanja ulikuwa chini ya kilima, nyasi zimekauka, udongo mwekundu ukiinuka kila upepo ulipovuma. Mahema yalikuwa yamepangwa kwa mistari, ya kijani, ya machungwa, ya buluu, na vijana kwa mamia walikuwa wakigongagonga vigingi na kuchekana. Askari wa langoni walimfunga ukanda wa karatasi mkononi, wakamwambia asitoke nje ya ua baada ya giza kwa sababu ndovu walikuwa wakipita wakitafuta maji. Hawakumuuliza hema lake liko wapi. Hakuwa nalo. Alidhani wenye tamasha wangempa.

Alizunguka na mfuko wake mpaka akawafikia wawili waliokuwa wakihangaika. Mwanamume aliitwa Munyoki, fundi wa simu, na msichana aliitwa Koki, muuzaji katika duka la dawa. Walikuwa wachumba kutoka Kibwezi. Kila walipolisimamisha hema lao upepo ulilibeba. Mzee Wanyonyi aliwatazama kidogo, akaweka mfuko chini, akavua koti. Miaka mingi ya maisha yake alikuwa amelala kwenye mahema kando ya reli hii hii, na alijua kigingi hakisimamishwi wima kwenye ardhi ngumu kama ile. Aliwaonyesha namna ya kukilaza, akawatuma mawe, akaugeuza mlango upande usio na upepo. Kabla ya robo saa hema lilikuwa limekaza kama ngoma.

Koki alifurahi. Walikuwa na hema jingine dogo la mizigo, akatoa mizigo akampa mzee. Walipokuwa wakinywa chai yake ya chupa, Munyoki alimuuliza mtu wa umri wake amefuata nini kwenye kelele za vijana.

"Nimekuja kumsikiliza binti yangu," alisema.

"Yuko kwenye bendi?"

"Bendi ni yake. Lorine ni mtoto wangu."

Walimtazama, wakatazamana. Koki alisema kwamba paji la uso hafanani naye, lakini pua ni ile ile, na Munyoki akainuka akaenda kuwaambia majirani.

Jua lilipokuchwa tayari kulikuwa na watu thelathini mbele ya kale kahema. Mtu alileta kiti. Mwingine alileta nyama kwenye karatasi, na msichana mmoja kutoka Taveta alimfunika mabega kwa leso yake mwenyewe. Walitaka kujua Lorine alikuwaje utotoni. Mzee Wanyonyi aliwaambia jinsi alivyokuwa akimpakia kwenye toroli la reli akiwa na miaka sita, magurudumu yakigonga viungo vya chuma, na mtoto akiimba kwa kuufuata mlio ule, naye akicheka mpaka wafanyakazi wake wanacheka. Hilo lilikuwa kweli. Walipenda sana. Wakataka zaidi, na yeye hakuwa amesikilizwa na watu wengi namna ile tangu alipoacha uzee wa kanisa.

Basi aliwaambia habari za gitaa. Alisema aliona kipaji mapema, akajinyima, akaenda mwenyewe mpaka Mombasa kumnunulia gitaa lake la kwanza. Alisema majirani walimcheka, na yeye akawajibu kwamba siku moja watalipa kiingilio wamsikilize. Kijana mmoja alikuwa ameinua simu akimrekodi, na mzee alipoiona ile simu alikaa vizuri, akaisimulia tena tangu mwanzo.

Gitaa lilinunuliwa na Perez, kwa pesa za omena. Mzee Wanyonyi ndiye aliyelivunja akalitia jikoni, chini ya sufuria ya maharagwe, wiki ile ile ya sanduku.

Usiku huo alilala vizuri kuliko alivyokuwa amelala kwa muda mrefu.

Asubuhi Mlima Kilimanjaro ulikuwa wazi, mweupe juu, na vijana wakipiga picha wakiupa mgongo. Mzee Wanyonyi alikuwa akinawa uso alipojiwa na mwanamke mwenye kitambulisho shingoni. Alisema anaitwa Immaculate, na kazi yake ni kumhudumia Lorine. Alimuuliza kama ni yeye mzee wa kwenye video. Alipokubali, alimwomba amfuate. Munyoki alipiga mbinja, na wale wa mahema ya jirani wakapiga makofi mzee akipita katikati yao, kofia mkononi.

Lorine alikuwa katika hema kubwa nyuma ya jukwaa, ameketi kwenye kiti cha kukunja, akisukwa. Hakuinuka. Alikuwa amenenepa kidogo, na paji lake la uso lilikuwa la Perez kabisa, hata Mzee Wanyonyi akasimama pale mlangoni.

"Karibu, mzee," Lorine alisema. "Keti."

Hakukuwa na kiti kingine ila kreti la soda, akaketi. Lorine alimuuliza amelalaje. Alimjibu kwamba amelala salama, watoto wa watu wamemtunza vizuri. Lorine akasema ameona, simu nzima imejaa yeye, na kwamba anasimulia vizuri. Habari ya gitaa hakuitaja, na mzee alijaribu kueleza kuwa vijana walimshika sana na maswali. Halafu, kwa kuwa aliogopa atayasahau, aliyatoa maneno aliyokuja nayo.

"Lorine, mimi sasa nimezeeka. Nimekuja kukuambia nimekusamehe."

Mikono ya msusi ilisimama. Lorine alimwambia msusi aendelee.

"Umenisamehe nini?"

Mzee Wanyonyi alimweleza. Alianza na chuo, akaja kwenye hoteli, akaja kwenye aibu aliyoipata kanisani mpaka akauacha uzee wa baraza, akamalizia na miaka tisa ya mtoto kutokanyaga nyumbani. Alieleza kwa utulivu, bila kumkaripia, na ndani yake aliona anafanya jambo zuri. Lorine alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza hata mara moja.

Kisha akauliza, "Kile kijitabu cha mazishi ya mama, aliyekiandika ni nani?"

"Titus."

"Nani alimwambia aandike watoto wawili?"

Mzee aliitazama kofia yake.

"Na pasta wa Webuye alipouliza yule msichana yuko wapi, ulimjibu nini?"

"Nilikuwa na uchungu, Lorine. Nilikuwa nimefiwa."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ulishakufa."

Msusi sasa alikuwa akisuka bila kuinua macho. Lorine alisema, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba yeye alijua mamake amezikwa kwa kuona picha za watu, siku kumi na moja baadaye. Alipokwenda kaburini mwezi uliofuata, mwanamke wa jirani aliyemkuta njiani alitupa kuni akakimbia, kwa sababu alijua anamwona mtu aliyekufa. Alimpigia babake simu siku hiyo akiwa amesimama pale kaburini. Alipiga mara nne.

"Hayo yamepita," Mzee Wanyonyi alisema.

Nje mtu alikuwa akijaribu ngoma, anapiga anaacha, anapiga anaacha.

"Sawa," Lorine alisema. "Yamepita. Umekunywa chai?"

Alimwita Immaculate, akamwambia mzee apewe chai na mayai, na jioni atafutiwe kiti, awekwe mbele kabisa, ndani ya kizuizi, mahali ambapo yeye akiwa jukwaani atamwona. Mzee Wanyonyi aliinuka, akanyoosha mkono. Lorine alimpa ncha za vidole tu, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshikwa na msusi, mzee akaona hakuwa na namna nyingine. Alitoka pale mwepesi. Koki alipomuuliza yamekuwaje, alisema yamekwisha, na machozi yakamtoka mbele ya mtoto wa watu.

Saa kumi jioni uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye miti ya mwisho. Kiti cha Mzee Wanyonyi kilikuwa cha plastiki, cheupe, na ndicho kiti pekee mbele ya watu maelfu. Nyuma yake, kifua kwenye vyuma vya kizuizi, walisimama Munyoki na Koki na wote wa jana usiku, wakimwita baba, wakimpitishia maji. Kando yake alisimama mlinzi mmoja mnene aliyeitwa Kituku, aliyepewa kazi ya kumwangalia asije akasukumwa.

Lorine alitoka akiwa na gauni jekundu na gitaa. Uwanja ulipiga kelele mpaka mzee akaziba masikio huku akicheka. Aliimba nyimbo tatu. Mzee Wanyonyi hakuyashika maneno yote, maspika yalikuwa karibu mno, lakini alipiga makofi kila wengine walipopiga, na mara moja aligeuka kuwatazama wale watu wote nyuma yake, vichwa mpaka kule kwenye mahema, akaona hajawahi kufikiria kwamba mtu aweza kuwa na watu wengi hivyo.

Baada ya wimbo wa tatu Lorine aliinua mkono, bendi ikanyamaza.

"Kuna mtu nataka kumkumbuka kabla sijaendelea," alisema. "Mama yangu mnamjua, nimebeba jina lake. Baba sijawahi kumtaja. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Ile reli inayopita nyuma ya kilima hiki, alikuwa akinipakia hapo kwenye toroli, nikiwa mdogo. Mimi naimba, yeye anacheka."

Munyoki alimpiga mzee begani kwa furaha. Mzee Wanyonyi alikuwa ameshaanza kuinuka, kwa kuwa alidhani anaitwa jukwaani.

"Alifariki nikiwa na miaka ishirini na moja," Lorine alisema. "Sikupata kumlilia mbele ya watu. Leo niko karibu na njia yake, naomba tumpe dakika moja. Tusimame kimya."

Ule mkono wa Munyoki ulibaki begani kidogo, halafu ukatoka. Watu maelfu walivua kofia. Mzee Wanyonyi alikuwa amerudi kitini bila kujua, akiwaza kwamba binti amekosea, kwamba amechanganya jambo, kwamba atarekebisha. Kituku akainama akamgusa kiwiko.

"Simama, mzee," alimnong'oneza. "Mwenzako amefiwa."

Akasimama. Akavua kofia. Upepo ulikuwa ukipiga turubai la jukwaa, na mbali kule jenereta lilikuwa likinguruma, na hapakuwa na sauti nyingine. Alipoinua macho alimkuta Lorine anamtazama. Alimtazama dakika nzima, hakupepesa, na macho yake yalikuwa makavu.

"Asanteni," alisema mwishowe. "Na jambo jingine dogo. Nimeona video ya mzee mmoja humu kambini anayejiita baba yangu. Mzee huyo naomba msimguse. Watu wa umri huo hupatwa na mambo ya kichwa, na anastahili huruma yetu. Lakini baba yangu amelala."

Akapiga nyuzi, na wimbo wa nne ukaanza.

Kwa mistari michache ya wimbo ule hakuna aliyefanya lolote. Kisha msichana wa Taveta akanyoosha mkono juu ya kizuizi, akataka leso yake. Mzee Wanyonyi alikuwa bado nayo mabegani, akampa. Munyoki alikuwa amejiaibisha mwenyewe. Ndiye aliyezunguka mahema yote na habari hizo, na sasa vijana walikuwa wakimcheka yeye. Aliruka kizuizi akamshika mzee kola, akamuuliza kama haoni haya, mtu na mvi zake, kula nyama ya watu kwa jina la marehemu. Mzee alisema yeye ni babake, akatoa kitambulisho kutoka mfuko wa ndani. Munyoki alikisoma kwa sauti ili wenzake wasikie. Wanyonyi. Akamrudishia, akauliza kama Wanyonyi ni mmoja Kenya hii. Mtu alitupa maji, mwingine chupa yenyewe, na waliokuwa nyuma, ambao hawakujua hata ni nini kimetokea, walianza kuimba kwa kuufuata wimbo wa jukwaani, "Baba wa uongo, baba wa uongo," wakipiga makofi. Simu zilikuwa zimeinuliwa kote. Kiti kilichukuliwa na mtu akakipandia apate kuona vizuri.

Kituku alimtoa. Alimtoa kwa upole, kama alivyokuwa ameagizwa, mkono mmoja kiunoni, akimpasulia njia, na kila walipopita watu waliambizana ndiye huyu, ndiye huyu. Mzee aligeuka mara moja. Lorine alikuwa ameshaingia kiitikio, amefumba macho, na uwanja wote ulikuwa ukiimba naye.

Walipofika langoni Koki aliwakimbilia akihema. Alikuwa amemletea mfuko wake, blanketi limekunjwa vibaya, na kofia aliyoiangusha. Alimwomba Kituku awaachie nafasi kidogo.

"Mimi nataka kujua tu," alisema. "Sitamwambia mtu. Wewe ni babake, ama si babake?"

Alikuwa na uso wa mtu aliye tayari kuamini. Angeambiwa ndiyo angeamini, na kitambulisho kilikuwa bado mkononi mwa mzee, na picha moja ya zamani ya Lorine ilikuwa ndani ya pochi, yuko juu ya toroli na soksi moja tu. Mzee Wanyonyi aliitafuta pochi kwa kidole, akaigusa, akaiacha.

"Hapana," alisema.

Koki alivuta pumzi. Uso wake ulibadilika pale pale, akamwambia kwamba angekuwa na babu kama yeye angejificha, na kwamba lile hema walilompa watalifua kwa sabuni mara mbili. Alirudi ndani. Kituku alimkata ule ukanda wa karatasi mkononi kwa kisu kidogo, kwa kuwa ndiyo sheria kwa anayetolewa, akafunga lango.

Alilala kwenye kibanda cha kuuzia nyanya kando ya barabara, amejifunika koti la mvua. Upepo ulitoka upande wa kilima, kwa hiyo alimsikia Lorine mpaka nyimbo zilipokwisha, kila neno, vizuri zaidi kuliko alivyomsikia akiwa mbele.

Nicholas alimkuta hapo Jumapili asubuhi. Hakuuliza kwa nini yuko nje ya lango. Alikuwa ameshaiona video, alikuwa ameletewa na watu saba. Walikwenda kimya, ndizi nyuma yao, na Nicholas akijitahidi kutazama barabara peke yake. Walipopita Maktau alishindwa. Alicheka mpaka akapunguza mwendo, akaomba radhi, akacheka tena, akasema pale aliposimama akavua kofia ndipo palipommaliza.

Titus alipiga simu kutoka Eldoret akiwa na hasira. Alitaka familia iende redioni, itoe cheti cha kuzaliwa, imwumbue Lorine kwa uongo wake. Mzee Wanyonyi alimwambia amwache. Titus alipokata simu alikuwa anaamini kwamba babake ameamua kumhurumia Lorine, na aliwaambia watu hivyo. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini redioni wangeuliza pia kwa nini msichana amemzika baba aliye hai, na mtu fulani angekitafuta kile kijitabu cha Webuye, na watoto wawili waliomo. Reuben yeye hakupiga kabisa.

Siku nne mzee hakutoka chumbani. Hakuna aliyekuja kumwita. Siku ya tano alikwenda nyuma ya karakana, kwenye kivuli ambapo wastaafu wa reli huchezea drafti kwa vifuniko vya soda, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Waliacha kucheza. Opiyo, rafiki yake wa miaka thelathini, alisogea kwenye benchi akampa nafasi, akapangusa ubao kwa kiganja.

"Marehemu," alimwita, "wewe utachukua nyekundu ama nyeusi?"

Wakacheka wote, wengine hadi wakakohoa, na Opiyo alicheka kuliko wote. Jina lilimshika tangu siku hiyo. Wenye kibanda cha chai walilichukua, akina mama wa sokoni wakalichukua, na mwenye nyumba akawa anagonga mlango mwisho wa mwezi akimwita hivyo bila hata kutabasamu, kama jina jingine lolote. Lorine alirudi kuimba Voi mwaka uliofuata, uwanjani, mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye chumba kile. Mzee Wanyonyi alifunga dirisha mapema. Majirani wanasema alikuwa bado anakohoa humo ndani bendi ilipoanza, na kwamba mtu mmoja aliyepita njiani alimgongea akamuuliza Marehemu kama haendi.